Kitabu cha Vilivyofutwa

Arua, Jumatatu 10 Machi 2025

Baba,

Salaam aleikum. Moris, fundi wa kompyuta wa karibu na soko, amesema leo saa nne asubuhi kwamba mchoro wa nyumba ya uzazi hautafunguka tena. Amehangaika nao tangu Jumamosi kwa programu tatu. Maneno yake ni haya: "Dada, faili iko, lakini ndani hakuna kitu. Gunia bila mahindi."

Ilikuwa hivi. Alhamisi jioni umeme ulikatika wakati nahifadhi. Ijumaa nilinakili mchoro kwenye flashi yako kwa haraka bila kuufungua, kwa sababu Acidri, dereva wa gari la abiria la Koboko, alikuwa anapiga honi. Jumamosi niliufungua hapa nikakuta karatasi nyeupe. Programu ya kuchora hutunza pacha wa kila mchoro, ili mmoja akiharibika uchukue mwingine. Mimi nilipoona weupe ule mkono ukabonyeza kuhifadhi, kwa mazoea, na pacha naye akawa mweupe. Kosa ni langu na sitafuti wa kumsingizia.

Flashi haina msaada, kila wiki naandika mpya juu ya ya zamani. Diski ya akiba ya ofisi iko Juba na mkuu wangu, Bwana Constantino, mpaka tarehe 25, na mara ya mwisho aliijaza Novemba, kabla ya kazi hii kuanza. Nilimpigia. Alisema, "Afisa, mchoro huu ni wako. Nikirudi nikute umepita."

Unajua kilichobaki. Kamati ya mipango ya mji inakaa Alhamisi tarehe 20, kisha haikai tena mpaka Juni. Bila mchoro kamili hakuna ruhusa ya paa. Bila paa, kuta zako zitanyeshewa Aprili na Mei, na wakunga wa kikundi cha Mama Poni watabaki kuzalishia kwenye ghala la mihogo. Halafu kuna kile kisanduku cha chini ya karatasi, "Imechorwa na". Ni mara ya kwanza kina jina langu.

Sasa ombi. Kwenye laptopu ya kazini kwako kuna michoro ya kila Ijumaa tangu Desemba. Nahitaji wa tarehe 28 Februari. Ukiwa na kasoro, basi wowote wa kabla yake. Usiufungue, nakili tu kwenye flashi umpe Acidri. Wewe unatunza hata risiti ya buti zako za kwanza, kwa hiyo sina wasiwasi sana.

Ningepiga simu, lakini najua ungesema simu haina sahihi.

Binti yako,
Afisa


Koboko, Jumanne 11 Machi 2025

Kwa: Afisa Sulaimani, Arua
Kutoka: Msimamizi wa ujenzi, Koboko

1. Barua yako ya tarehe 10 imepokelewa saa nane mchana kutoka kwa Acidri, ikiwa imefungwa.

2. Kuta zimefika usawa wa lenta, juu ya milango na madirisha, pande zote nne. Fundi Umaru amepima pembe leo asubuhi na tofauti ni nusu sentimita, upande wa kaskazini.

3. Mvua ilinyesha Jumapili dakika kumi na moja.

4. Mama Night Poni, kwa cheo chake cha mwenyekiti wa kikundi, ameuliza mara mbili tarehe ya ruhusa ya paa. Nimemjibu ni tarehe 20. Juzi mtoto amezaliwa ghalani, wa kike, kilo tatu na robo. Mama na mtoto wazima.

5. Flashi inarudi na barua hii ndani ya kiberiti, kama kawaida.

6. Mama yako anakusalimu. Anasema usifuturu kwa soda.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) Sulaimani Yugu


Arua, Jumatano 12 Machi 2025

Baba,

Flashi imefika na ni tupu. Moris ameichomeka kwenye kompyuta mbili tofauti. Hakuna mchoro hata mmoja.

Nadhani najua kilichotokea. Wiki iliyopita nilimkuta Acidri na flashi ya abiria mkononi anauliza ina nyimbo gani. Naamini amekifungua kiberiti chako, ameichomeka flashi yetu kwenye redio ya gari, haikuimba, akaifuta ili aweke zake. Nimemwambia hivyo leo pale stendi, mbele ya abiria wake. Ameapa kwa Biblia. Nimemwambia asubiri, kwamba baba yangu huandika kila kitu anachotuma, na barua yako itaonyesha.

Lakini barua yako haikuandika ni faili ngapi ulizoweka. Sikuona neno hata moja kuhusu michoro. Najua ulikuwa na haraka.

Tafadhali nakili upya leo. Nitatafuta dereva mwingine wa kuleta. Barua hii tu ndiyo Acidri ameichukua, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kuondoka, na ameichukua bila kuniangalia usoni. Zimebaki siku nane.

Afisa


Koboko, Alhamisi 13 Machi 2025

Afisa, binti yangu,

Acidri hana kosa. Flashi ilikuwa tupu ilipotoka mkononi mwangu, na nilijua ni tupu nilipoifunga. Kabla hujasoma mstari unaofuata, nenda ukamwambie hivyo, mbele ya abiria, kama ulivyomlaumu.

Michoro ya Ijumaa zote sikuitunza. Niliifuta. Kila flashi ilipofika, kabla ya kufungua mchoro mpya nilifuta wa zamani, kisha nikamwaga na lile pipa la taka la kompyuta, kama ulivyonionyesha mwenyewe Desemba. Sikukosa wiki hata moja.

Unajua nilikuwa karani wa mawasiliano miaka kumi na moja. Amri mpya ikifika, ya zamani inachomwa siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Katika mwaka wangu wa pili karani mmoja aliacha amri ya jana mezani. Dereva akaichukua akidhani ni ya leo, akapeleka lori kwenye daraja ambalo amri ya leo ilikataza. Watu watatu hawakurudi. Sijakuhadithia kwa sababu hayakuwa maneno ya kumpa mtoto.

Sasa hapa Umaru na mafundi wake wanafungua laptopu wenyewe kutafuta vipimo. Nikaona michoro miwili yenye jina moja, halafu mitatu. Nikawaza juu ya lile lori. Nikafanya nilichofundishwa.

Ijumaa iliyopita nilifuta wa tarehe 28 kwanza, ndipo nikafungua mpya. Ulikuwa mweupe. Nilidhani nimeuharibu mimi kwa kubonyeza mahali pabaya. Nikaufunga na nikanyamaza. Barua yako ilipofika nikajua ni kitu gani nimefuta, na bado nikakutumia kiberiti chenye flashi tupu, kwa sababu sikupata namna ya kukiandika. Mama yako aliuliza kwa nini nakaa mbele ya laptopu bila kuifungua.

Miaka yote nimekuambia simu haina sahihi. Basi sahihi yangu ni hii.

Baba yako,
Sulaimani Yugu


Arua, Alhamisi 13 Machi 2025, saa kumi na moja jioni

Baba,

Kabla ya yote zima laptopu sasa hivi. Ukimaliza endelea kusoma.

Kufuta siyo kuchoma. Karatasi ikiungua imekwisha, lakini kompyuta haiteketezi kitu. Inang'oa tu jina lililobandikwa mlangoni na kusema chumba kiko wazi. Mpangaji wa zamani bado amelala ndani, na atalala humo mpaka aje mpangaji mpya wa kumkalia kitandani. Moris ana programu inayopita mlango kwa mlango kuangalia nani bado yumo. Kwa hiyo mtu asiiwashe, asiweke kitu, asichaji simu kwake. Ifunge vizuri umpe Acidri kesho asubuhi.

Ndiyo, Acidri. Nimekwenda stendi. Kabla sijafungua mdomo amenishika mkono na kunivuta mpaka kwenye gari lake. "Dada, angalia redio. Hii iko ya kanda. Flashi ningeingiza wapi, kwa pua?" Ni kweli, Baba, redio yake inameza kanda tu, na ndani kulikuwa na kanda ya kwaya. Abiria walicheka mpaka mama mmoja akaangusha kuku wake. Nimemwomba radhi kwa sauti ya kusikika. Amesema amenisamehe, ila mwezi mzima nikipanda nitakaa kiti cha nyuma.

Habari ya lori sikuijua. Nimeisoma mara mbili. Sasa naelewa kwa nini nilipokuwa darasa la tano ulichoma ratiba ya zamani ya mitihani yangu kwenye jiko la mama, na mimi nikalia kwa sababu nilikuwa nimeichorea maua.

Jambo lingine. Barua yako ya leo haikuwa na namba. Sijawahi kupata barua yako isiyo na namba. Rudisha namba, tafadhali. Mimi ndiye niliyebonyeza kuhifadhi juu ya karatasi nyeupe, na mimi ndiye niliyekufundisha kumwaga pipa. Tuko wawili.

Afisa


Koboko, Ijumaa 14 Machi 2025

Kwa: Afisa Sulaimani, Arua
Kutoka: Msimamizi wa ujenzi, Koboko

1. Laptopu ilizimwa jana saa moja kasoro dakika tano jioni, mara niliposoma mstari wako wa kwanza. Mama yako alikuwa ameshika bakuli la uji wa futari na ameshangaa kuona mtu anakimbia na swaumu.

2. Inatumwa ndani ya kitenge chake cha kijani, imefungwa mara tatu. Waya wake umo. Kitenge kirudi.

3. Fundi Umaru ametoa taarifa asubuhi hii. Jumamosi tarehe 8, sikukuu ya wanawake, alihamisha mechi nane za mpira kutoka simu yake kwenda kwenye laptopu, ili mafundi wazitazame. Nimemweleza habari ya mpangaji na kitanda. Amesema, "Mzee, mimi sikujua mpira anaweza kukalia mutu." Hana raha tangu hapo. Mwambie Moris aanze na sehemu zenye mpira.

4. Acidri amekubali kuiweka laptopu kiti cha mbele. Amesema kiti hicho kwa sasa hakina mwenyewe.

5. Namba zimerudi.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) S. Yugu


Arua, Jumapili 16 Machi 2025

Baba,

Moris amemaliza leo saa saba mchana. Ulifuta michoro kumi na mitatu, minane imefunguka. Mpya kuliko yote iliyo salama ni wa Ijumaa tarehe 7 Februari. Ya tarehe 14, 21 na 28 imekaliwa na mechi za Umaru. Moris alinionyesha: ukifungua wa tarehe 21 unaona robo ya ukuta wa mashariki, halafu vumbi. Alijaribu kucheka, kisha akaacha.

Kwa hiyo tuna nyumba yako ilivyokuwa wiki tano zilizopita. Ni kitu kikubwa, nilikuwa na karatasi nyeupe. Michoro ya paa nimeikumbuka yote, niliichora wiki ya mwisho na vipimo vyake viko kwenye daftari langu. Shida ni mabadiliko ya zile Ijumaa tatu za katikati. Nakumbuka madirisha yalipandishwa, lakini kwa kiasi gani? Nakumbuka sinki lilihama, sikumbuki lilihamia wapi. Mlango wa chumba cha kujifungulia ulipanuliwa, na mengine yako kichwani kama ukungu. Kamati huja na mtu wa kupima, na mchoro ukisema kimoja na ukuta ukasema kingine wanaurudisha palepale.

Najua ninachokuomba si kidogo na uko kwenye swaumu. Itabidi mpime nyumba nzima upya, kila ukuta na kila uwazi, wewe na Umaru, kesho. Nitumie namba kwa Acidri wa saa kumi. Nikizipata kesho jioni nitachora Jumanne na kuchapisha Jumatano.

Kama siku moja haitoshi, niambie bila kunificha. Nitampigia Mama Poni mimi mwenyewe. Mchoro ni wangu.

Afisa


Koboko, Jumatatu 17 Machi 2025

Kwa: Afisa Sulaimani, Arua
Kutoka: Msimamizi wa ujenzi, Koboko

1. Hakuna haja ya kupima nyumba nzima.

2. Naambatisha kitabu chenye jalada jekundu, kurasa kumi na tatu zimeandikwa. Jeshini huwezi kuchoma karatasi bila kuandika cheti cha kuchoma: ni karatasi gani, siku gani, mpya inatofautiana nayo wapi, kwa sababu gani, na shahidi ni nani. Asiye na cheti amepoteza karatasi, hajachoma. Kila Ijumaa niliandika cheti. Shahidi ni Umaru.

3. Sikukutajia mapema kwa sababu kwangu kitabu hiki ni ushahidi wa nilivyofuta. Sikuwaza kwamba kinaweza kutumika kurudisha. Jana usiku mama yako alisoma barua yako kwa sauti, akafika pale pa sinki, akaniuliza, "Si ndiyo unayoandikaga kila Ijumaa ukitoka msikitini?"

4. Unachohitaji kiko ukurasa wa 10, 11 na 12. Leo asubuhi mimi na Umaru tumelinganisha vipimo vyote vya kurasa hizo na kuta. Vinakubaliana.

5. Katika ukurasa wa 10 chukua vipimo tu. Safu ya sababu usijishughulishe nayo.

6. Kitabu si cha kuchanwa wala kusahihishwa. Kirudi kamili pamoja na kitenge.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) S. Yugu


Arua, Jumanne 18 Machi 2025

Baba,

Mchoro umekamilika leo saa tisa na nusu. Moris ameufungua kwenye kompyuta yake, na mimi kwenye yangu, na kwenye laptopu ya kazini kwako. Kila mahali unafunguka. Nimeuhifadhi sehemu nne, mojawapo mfukoni mwangu.

Kitabu chako ni bora kuliko mafaili yangu. Ukurasa wa 11: madirisha mawili ya mashariki yamepandishwa sentimita 30, sababu, aliye nje asione ndani. Ukurasa wa 12: sinki kutoka kushoto kwa mlango kwenda kulia, sentimita 45 kutoka pembeni, sababu, mkunga afike akiwa bado ameshika mlango kwa kiwiko. Hata ukurasa wa 13 umeuandika: "Kilichobadilika: sijui. Mpya haufunguki." Siku ile ulikuwa umenyamaza kwangu, lakini kitabu ulikiambia ukweli.

Sasa ukurasa wa 10.

Uliniambia nisijishughulishe na safu ya sababu. Baba, umenilea wewe. Ulitegemea nini?

Umeandika: "Ijumaa 14 Februari. Kilichofutwa: mchoro wa 7 Februari. Kilichobadilika: mlango wa chumba cha kujifungulia, kutoka sm 80 hadi sm 120. Sababu: msimamizi alipima vibaya." Chini yake, pa sahihi ya shahidi, kuna mwandiko mwingine, wa kalamu ya risasi, umebana mpaka ukingoni: "Sababu si kweli. Karatasi iko na 80. Mzee alipima sawa. Kitanda ya magurudumu ilikataa kupita. Jumapili sisi wawili tulivunja ukuta na kujenga tena, Mama Poni akiwa kanisani. Mingine yote kweli. Umaru."

Nimefungua mchoro wa tarehe 7 Februari. Ni kweli, sentimita 80. Nilichora mlango wa chumba cha kulala kwenye chumba cha kujifungulia. Kitanda chenye magurudumu kina upana wa sentimita 90, na kipimo hicho mlinipa Januari.

Wiki ile uliniandikia mstari mmoja tu: "Kikundi kingependa mlango wa sm 120." Nikadhani ni ombi. Nilimnung'unikia Mama Poni moyoni kwamba anabadilisha mawazo kila wiki. Na kumbe baba yangu, mwenye miaka sitini na saba, alikuwa anabeba matofali siku ya Jumapili ili nisijue nimekosea.

Sijakasirika. Nataka kukasirika na haiji. Lakini sikiliza. Kama lori lile lilikufundisha kitu, ni kwamba anayetoa amri mbaya lazima ajue. Ningechora nyumba ya pili yenye mlango wa 80, mahali ambapo wewe hupo. Usinifiche tena.

Kwenye karatasi ya kwanza ya mchoro kuna jedwali la marekebisho ambalo kamati hulisoma. Nimeandika hivi: "Rekebisho la 10. Mlango wa chumba cha kujifungulia, sm 80 kuwa sm 120. Kosa la mchoraji. Limegunduliwa na kurekebishwa na msimamizi, S. Yugu, na fundi Umaru." Chini yake ni kile kisanduku, "Imechorwa na A. Sulaimani". Nadhani sasa kinasema ukweli wote.

Kitu kimoja zaidi. Kwenye laptopu yako nimetengeneza folda inayoitwa MAJIVU. Mchoro mpya ukifika, wa zamani usiufute. Uvute uuweke humo. Umaru na mafundi hawawezi kuufungua, nimeweka neno la siri, ni jina la kambi tuliyoishi nilipozaliwa. Kwenye meza utakuwa umebaki mmoja tu, wa leo. Kwako umechomwa. Kwangu upo. Cheti endelea kuandika.

Kesho Acidri analeta laptopu, kitenge, kitabu na karatasi nne zilizochapishwa.

Binti yako,
Afisa


Koboko, Jumatano 19 Machi 2025

Kwa: Afisa Sulaimani, Arua
Kutoka: Msimamizi wa ujenzi, Koboko

1. Vyote vimepokelewa saa tano asubuhi: laptopu moja, kitenge kimoja, kitabu kimoja, karatasi nne. Nimezipima karatasi na kuta, saa tatu nzima, Umaru akishika upande wa pili wa futi. Tofauti hakuna.

2. Kuhusu ukurasa wa 10. Siku ya kwanza Mama Poni aliniuliza, "Sajini, huyu mtoto wako amewahi kujenga nini?" Nilimjibu, atajenga hii. Nilipoona kitanda kimekwama mlangoni nilikumbuka jibu langu. Hiyo ndiyo sababu. Haikutosha kuwa sababu. Imeandikwa hapa kwa kuwa kule haisahihishwi.

3. Mama Poni ni mwenyekiti na lazima asaini kila karatasi, kwa hiyo amesoma jedwali lako la marekebisho. Alisoma la kumi mara mbili. Nikasimama wima. Akasema, "Sajini, kanisa letu iko mita mia mbili. Ile nyundo tulisikia kwa maombi yote, mpaka mchungaji aliongeza sauti. Mimi nilikuwa nangoja tu kuona nani atasema." Kisha akasaini, na akasema mwenye mkono wa kuandika kosa lake kwenye karatasi ya serikali ndiye atakayemchorea na nyumba ya wakunga. Nimemwambia akuandikie barua mwenyewe. Simu haina sahihi.

4. Umaru anaomba ujue kwamba mechi zote nane amezifuta. Nimemwambia bado zimelala humo. Amefurahi.

5. Nimevuta mchoro mweupe wa tarehe 7 Machi na kuuweka MAJIVU. Neno la siri nililijua kabla ya kumaliza mstari wako. Katika ukurasa wa 14 wa kitabu nimeandika: "Kilichofutwa: hakuna." Umaru ametia sahihi bila kuongeza neno. Mama yako naye ameomba kuwa shahidi, nikamruhusu.

6. Kamati inakaa kesho, Alhamisi tarehe 20 Machi, saa tatu asubuhi. Sisi ni wa nne kwenye orodha. Mchoraji anatakiwa awepo kujibu maswali. Acidri anaondoka Arua saa kumi na mbili na nusu asubuhi na amekuwekea kiti cha mbele. Futari nyumbani ni saa moja jioni.

Baba yako,
Sulaimani Yugu